Upepo wa Mwenzio Si Wako

Tangu hizi mbao za umeme za gurudumu moja, Onewheel, zizagae huku kampasi Marekani, swali ni lile lile: "Tairi lako umejaza ngapi?" Mmoja akisema 20, basi kundi zima linakimbilia pampu kujaza 20. Mimi hapo sikubali.

Jamani, ubao huu hauna springi wala shokapu. Upepo ndani ya tairi ndio springi yenyewe. Sasa mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 watatumiaje springi moja?

Waendeshaji wengi wana hesabu rahisi ya kuanzia: uzito wako kwa ratili, gawa kwa 10. Kama unajua kilo tu, zidisha kwa 0.22. Kilo 60 ni kama PSI 13, kilo 80 karibu 18. Hapo ni pa kuanzia tu. Ongeza au punguza PSI 1, zunguka kidogo, sikiliza miguu yako inasemaje. Ila usivuke kiwango cha juu cha tairi lako.

Ukijaza sana, tairi linagusa ardhi kidogo na linadundadunda kwenye kokoto. Ukijaza kiduchu, kona zinakuwa nzito, rimu inagonga mashimo, na mota inafanya kazi ya ziada. Hapo ndipo penye balaa, maana mota ndiyo inayokushikilia usiende mbele. Ikizidiwa, pua ya ubao inashuka, nawe unakula lami.

Si utani. Septemba 2023 watengenezaji, Future Motion, walitangaza wito wa usalama (recall) kwa mbao zote, kama 300,000 hivi, baada ya vifo 4 vya kati ya 2019 na 2021. Angalau 3 kati ya hao hawakuvaa helmeti. Sisemi upepo ndio uliowaua, hapana. Nasema kama nguvu ya mota ina mwisho, kwa nini uipoteze kwa tairi lililolegea?

Kwa hiyo nunua geji ndogo ya presha za chini. Ile ya sheli ya kupimia magari haikutofautishii vizuri 14 na 17. Pima kabla ya kutoka, tairi likiwa baridi. Halafu helmeti kichwani.

Nawasilisha. Anayebisha aje, ila aje na uzito wake!