Mwenyeji Hatajwi
Ziara za siku moja kutoka Adelaide, Australia, huuza starehe tatu: koala wa Cleland, kijiji cha Hahndorf na mvinyo wa vilimani. Sipingi starehe. Napinga historia inayouzwa pamoja nazo. Simulizi huanzia mwaka 1839, Walutheri wa Prussia walipojenga Hahndorf, kana kwamba kabla yao palikuwa pori tupu. Ardhi ile ni ya watu wa Peramangk. Mzabibu uliletwa, hata koala wa vilima vile waliletwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale wageni wote wanasifiwa, mwenyeji hatajwi. Anayeongoza watalii amtaje mwenyeji kwanza, ndipo amimine mvinyo. Kunyamaza ni kumpora mara ya pili.