KING'ORA KINALIA USIKU? USIKIMBILIE KUKATA WAYA!

Mpenzi msomaji, sauti hiyo unaijua. Saa nane za usiku, iwe Temeke au Mwananyamala, gari la jirani linaanza: wii-wii-wii! Mbwa wanajibu, mtoto anaamka, mwenye gari anatoka na msuli wake kubonyeza rimoti. Dakika kumi baadaye, yale yale. Usiku wa tatu hakuna anayejisumbua kuchungulia. Hapo ndipo mwizi anapopapenda, maana mtaa mzima umeshazoea!

Wengi humwita fundi akate waya. Hapana, mzee! Tafuta ugonjwa kwanza, ukianzia kwenye vitu rahisi.

Anza na boneti. Chini yake kuna swichi ndogo. Ikishika kutu au ikiingiwa maji ya mvua, alamu inadhani boneti imefunguliwa. Isafishe, ikishindikana ibadilishwe. Milango nayo ina swichi zake. Taa ya ndani ikiwaka wakati umefunga milango yote, umeshampata mchawi.

Kisha betri ya gari. Ikichoka, baadhi ya ving'ora, hasa vyenye kibetri chao ndani, hulia vikidhani kuna mtu amekata umeme. Fundi apime gari likiwa limezimwa na limepumzika. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Chini ya 12, ichajiwe na kukaguliwa.

Je, unalaza gari karibu na Barabara ya Mandela? Malori ya makontena ya bandarini yakipita, ardhi inatikisika, na kwa sensa iliyo kali kila lori ni mwizi. Sensa nyingi za kufungiwa mtaani zina skrubu ya kupunguza ukali. Igeuze kidogo kidogo, ukijaribu kwa kugonga kioo kwa kiganja. Usiipunguze mpaka ikalala usingizi!

Tuje kwenye sentro loki. Rimoti ikifanya kazi mpaka uisogeze karibu kabisa, badili betri yake. Milango yote ikiwa kimya, angalia fyuzi. Mlango mmoja ukigoma, tega sikio. Ukisikia mota inahangaika, huenda kitasa kimejaa vumbi au kimekauka grisi. Kukiwa kimya kabisa, chunguza nyaya zinazopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi. Hukunjwa kila mlango ukifunguliwa, mwishowe hukatika. Mlango wa dereva ndio bosi kwenye gari nyingi, ukiugua na mingine hugoma.

Kukata waya ovyo kuna hasara nyingine. Alamu nyingi zimeungwa na umeme wa kuwashia injini. Fundi akikosea, asubuhi gari haliwaki na kazini umechelewa. Mwambie akuonyeshe kwanza kitufe cha siri cha kuizima.

Nawe jirani, king'ora kikilia leo, chungulia japo dirishani. Huenda safari hii hakidanganyi.

Tukutane wiki ijayo!