Kupanga Herufi kwa Utaratibu: Somo Linalotangulia Kompyuta

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba uandishi wa programu hauwezi kufundishwa katika shule ya msingi isiyo na kompyuta. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Kompyuta hutekeleza amri tu. Anayefikiri ni yule aliyezipanga. Fikra hiyo ya kupanga yaweza kufundishwa kwa vipande vinne vya manila, na kazi ya kuorodhesha mipangilio yote ya herufi za neno moja ni mfano mwema.

Tuchukue neno LIMA. Mwalimu aandike kila herufi katika kadi yake, kisha awatake wanafunzi watafute mipangilio yote, yenye maana na isiyo na maana. Watafurahi kuona kwamba humo hutoka mali, mila, lami na hata imla. Punde si punde furaha hiyo itageuka mashaka: kikundi kimoja kitadai kimepata mipangilio 15, kingine 19, na baadhi yake itakuwa imeandikwa mara mbili. Hapo ndipo linapozuka swali kuu la somo: tutajuaje kwamba tumemaliza?

Kwa maoni yetu, mwalimu hukosea sana anapolizima swali hilo kwa kuandika ubaoni 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Mwanafunzi atainakili kanuni hiyo na kuikariri, lakini kanuni humpa idadi tu, haimwonyeshi njia.

Njia yenyewe ni nyepesi. Tushike L iwe ya kwanza, tusiiguse. Kisha tushike I iwe ya pili. Zimebaki M na A, nazo zina mipangilio miwili tu: LIMA na LIAM. Tukiiweka M mahali pa pili twapata LMIA na LMAI. Tukiiweka A twapata LAIM na LAMI. Basi L imetupa mipangilio 6. Kila herufi ikipewa zamu yake ya kutangulia, jumla ni 24, wala hakuna uliosahauliwa au kurudiwa. Sasa kanuni imezaliwa mikononi mwa watoto wenyewe.

Programu ya kompyuta yaweza kufuata njia iyo hiyo: shika herufi moja, panga zilizobaki kwa njia ile ile, na ibakipo moja, andika jibu. Programu nyingi hubadilishana nafasi za herufi mbili, na baada ya kila zamu huzirudisha zilipokuwa. Amri hiyo ya kurudisha ikisahauliwa, baadhi ya mipangilio hujirudia na mingine hukosekana. Mtoto aliyezoea kurudisha kadi mahali pake kabla ya kuanza zamu nyingine ameshaelewa jambo ambalo huwatatiza waandishi wengi wa programu.

Wanafunzi wakishaelewa, wapewe neno BABA. Watagundua kwamba mipangilio iliyo tofauti ni 6 tu, kwa kuwa herufi zake zimerudiwa. Kisha waulizwe juu ya herufi 10 zisizofanana: mipangilio ni 3,628,800, na mtu aandikaye mmoja kila sekunde, usiku na mchana, atamaliza baada ya siku 42. Ndipo watakapoona kwa nini kazi hiyo huachiwa mashine.

Wala utaratibu huu haukuanza na kompyuta. Katika karne ya 17 wapiga kengele wa makanisa ya Uingereza walikuwa tayari wakitafuta jinsi ya kupiga kengele zao kwa kila mpangilio bila kurudia hata mmoja. Kengele 7 zina mipangilio 5,040.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa asingoje kompyuta iletwe shuleni ndipo aanze. Akingoja, siku itakapofika wanafunzi wake watajua kubonyeza tu, lakini hawatajua la kuiamuru. Aanze na kadi, na asiwe mwepesi wa kutoa jibu.