Mchicha Kurudi Kijani Si Ushahidi Kwamba Shamba Limepona

Ndugu mkulima wa mboga, hasa wewe unayelima mabondeni mjini, nina neno nawe kuhusu urea.

Mchicha ukidumaa na kuwa wa njano, unaweka urea. Baada ya siku chache majani yanakolea kijani, nawe unavuna na kupeleka sokoni. Kama tatizo lilikuwa upungufu wa naitrojeni tu, umefanya vyema. Lakini kama maji yako yanapita kwenye gereji, viwanda au dampo, huenda umeficha ugonjwa. Katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, watafiti wamepima mboga tangu miaka ya 1990 na kukuta risasi na kadimi ndani yake.

Naitrojeni husaidia mmea kuvumilia metali hizo. Kwa naitrojeni mmea hutengeneza rangi ya kijani na protini, pamoja na viini vinavyoikamata kadimi na kuifungia ndani ya seli isiudhuru. Angalia hapo: sumu imefungiwa, haijatoka. Mmea umepona, mlaji hajapona. Kuosha majani huondoa vumbi lenye risasi, lakini hakutoi kilichoingia kupitia mizizi.

Tena, urea na SA zikitumika msimu baada ya msimu huongeza tindikali kwenye udongo, na SA ndiyo kali zaidi. Tindikali ikipanda, kadimi huyeyuka na mizizi huinyonya kwa urahisi. Kwa hiyo mbolea unayoitegemea kama dawa inaweza kuongeza sumu kwenye fungu unalouza. CAN haileti tindikali kiasi hicho, lakini nayo haisafishi udongo.

Ushauri wangu ni huu:

1. Pima udongo na maji. Uliza kwanza kama maabara inapima metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakizionyeshi.
2. Kama udongo una tindikali, weka chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoshauriwa. Ongeza samadi iliyooza vizuri, si mboji ya takataka za dampo.
3. Weka mbolea ya kukuzia kwa kipimo, usiweke kwa kukisia.
4. Kipimo kikionyesha sumu nyingi, acha mboga za majani. Hizo ndizo hubeba zaidi kuliko mazao kama nyanya na maharage. Panda maua au miche ya miti ya kivuli.

Najua ushauri wa nne unauma, kwa sababu tuta la mchicha ndilo linalolipa ada na kodi ya nyumba. Lakini fungu hilo hilo linapikwa kwako pia, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto kabla hujaona dalili yoyote. Macho hayapimi sumu. Kabla ya kununua mfuko mwingine wa urea, mwone afisa ugani wa kata yako mpange namna ya kupima.