Kutafuta Riziki Haki, Kujua Ukweli Haki

Kijana wa Mpwapwa, mwaka 2020 dunia iliambiwa ifanyie kazi nyumbani. Hivi wewe wa bodaboda ungepakia abiria sebuleni? Fundi cherehani, muuza karanga, kuli wa sokoni: kazi yenu iko nje, na siku msipotoka, jioni sufuria halibandikwi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Shule zikafungwa, masoko yakaachwa wazi. Kampala na Kigali watu walifungiwa ndani, sisi hatukufungiwa. Hilo liliwanusuru walalahoi na njaa. Tunalikubali bila kinyongo.

Lakini baada ya Aprili 2020 serikali ikaacha kutoa takwimu: wagonjwa 509, vifo 21, basi! Kwa zaidi ya mwaka tukabaki na sala, nyungu na minong'ono ya misibani. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021. Muda wote huo mwenye mshahara na ofisi aliweza kujifungia kwake. Wewe ulibeba abiria anayekohoa kisogoni, bila kujua hali ikoje wilayani.

Tunasema wazi: anayelazimika kutoka ndiye anayehitaji habari kuliko anayeweza kukaa ndani. Kumwachia kijana barabara huku ukimficha takwimu ni kumvusha mto usiku bila taa.

Likija gonjwa jingine, usikubali kuchaguliwa kimoja. Dai vyote viwili: kazi yako na ukweli wako.