Picha Isiyo na Waya

Siku za Idi na likizo za shule, watoto wa Buruburu hupanda matatu za namba 58 hadi mjini, wakaunganisha nyingine ya Barabara ya Lang'ata, kwenda kutazama wanyama. Jioni simu zao zimejaa simba na chui. Na picha ni zile zile: simba kanyanyua kichwa, nyuma yake majani mabichi, kana kwamba mpigaji alimfuata hadi Tsavo.

Hila yenyewe ni nyepesi. Jicho la kamera likigusana na waya, na mnyama akiwa mbali kidogo, waya hupotea pichani. Kijana mmoja wa jirani alinionyesha duma wake kwa fahari: "Ami, tazama, hata waya hauonekani!" Kweli hauonekani, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasoro.

Maana pale si mwituni. Ni Makao ya Wanyama Yatima, yaliyofunguliwa mwaka 1964 langoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo ndiyo mbuga ya kwanza nchini, tangu 1946. Yaliwekwa kwa ajili ya watoto wa wanyama waliopotelewa na mama zao, na wagonjwa na majeruhi. Waya ule ndio kisa chenyewe. Ukiufuta, umemfuta na yatima. Anabaki simba wa kalenda.

Nanyi ndugu wa pwani mnalo la kulinganishia. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko aliyetengana na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, Bamburi, penye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Huko akamng'ang'ania kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee. Picha za Owen na Mzee alizozipiga Peter Greste zilizunguka dunia. Viboko wanene wamepigwa picha mara ngapi? Hizi zilipendwa kwa kuwa msiba na mfariji wake vilionekana pamoja.

Simkatazi kijana kupiga picha. Heri yeye kuliko wale wanaogonga waya na kupiga mayowe ili simba aliyelala ainuke, wazazi wao kando wanacheka! Ila asogee nyuma hatua mbili, waya uingie, na kama pana kibao cha habari za mnyama, nacho akipige. Huenda isipendeze ukutani. Lakini mdogo wake atauliza simba huyu kafungiwa nini, na kaka mtu atakuwa na la kumjibu.