Anayekuondoa Kazini Si Roboti

Mwezi wa Mei 2023 yalitokea nchini Kenya mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yalistahili kusomwa pamoja. Tarehe mosi, Sikukuu ya Wafanyakazi, watu zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Ni watu ambao kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta wakichuja picha za mauaji na maneno machafu ili sisi wengine tusiyakute kwenye simu zetu, na baadhi yao waliifundisha akili mnemba kutambua lililo ovu. Mwezi huohuo, kule Kericho, wananchi wenye hasira waliingia mashambani wakazitia moto mashine za kuchumia majani chai.

Nawaombeni, ndugu zangu, tusiwacheke watu wa Kericho. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Huingia shambani umande haujakauka, kikapu mgongoni, vidole vikichagua majani mawili na chipukizi lake, tena na tena, mpaka jua linainama. Kwa kilo hizo watoto wamesomeshwa na nyumba zimeezekwa mabati. Mashine haichagui. Inapita juu ya vichaka ikikata kama mkasi, na watu wachache wanaoiendesha humaliza kazi ya makumi ya wachumaji. Aliyelelewa kwa kikapu cha mama yake, naye akakirithi, akiona chuma kinapita pale alipokuwa akisimama, utamwambia atulie kwa neno gani? Huko Uingereza nako, mnamo 1811 na 1812, mafundi wa kufuma walivunja mitambo kwa nyundo usiku. Serikali ikapeleka askari, na Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Mafundi wakanyongwa, mitambo ikabaki.

Hasira yao naielewa. Ninachokikataa ni pale inapoelekezwa. Mashine haina tumbo, haina watoto, haina akaunti benki. Uamuzi wa kupunguza watu hufanywa na binadamu aliyeketi mezani akapiga hesabu. Ukiichoma mashine, yeye ataagiza nyingine, nawe utapelekwa mahakamani. Swali la kumbana nalo ni moja: ujira uliokuwa ukilipwa mikono 50, leo unaingia mfuko wa nani?

Hata neno lenyewe, roboti, limebeba kisa hicho. Mwandishi Mcheki Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, naye alipewa na ndugu yake, Josef. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo. Wazee wetu wangelifahamu mara moja, maana wao waliiita shokoa. Na penye shokoa pana bwana.

Wengi hudhani akili mnemba imejifunza yenyewe. Sivyo. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ubakaji, mateso na mauaji, wayawekee alama, ndipo ChatGPT ijue ya kuyaepuka. Walisimulia jinsi maandishi hayo yalivyowaumiza nafsi. Fikirini: dunia nzima inastaajabia mashine yenye lugha ya adabu, na adabu hiyo imenunuliwa kwa usingizi wa kijana wa Nairobi. Kericho mashine imeondoa kazi, Nairobi mashine imeleta kazi, na kote kuwili aliyetoa jasho amebaki na kumvi.

Nimesikia wanaotuliwaza kwamba kazi mpya hazikosi kuja. Ni kweli, huja. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007 hapakuwa na wakala wake hata mmoja, na leo kibanda cha wakala hakikosekani sokoni. Lakini mchumaji wa miaka 50 hageuzwi kuwa mtunga programu kwa semina ya siku tatu. Anayesema hivyo anamdhihaki mtu mzima.

Kwa hiyo nasema na vijana kwanza: jiungeni. Januari 1947 makuli wa bandari ya Mombasa na wafanyakazi wengine waligoma mji mzima ukasimama, wakati mtawala alikuwa mkoloni na wengi wao hawajui kusoma. Nyinyi mna elimu na mna simu, mnaogopa nini kukutana? Na kwenu wabunge: sheria imtake mwajiri akae na wafanyakazi kabla ya kuleta mtambo, wakubaliane nani atafundishwa kuuendesha, nani atalipwa kiinua mgongo, na sehemu gani ya faida itarudi kijijini. Kazi ya kuchuja uchafu wa mitandao nayo iandikwe kuwa kazi ya hatari, kama ya mgodini. Wenye mashamba sina ugomvi nao wakitaka kupunguza gharama. Nina ugomvi nao wakitaka gharama hiyo ibebwe na mchumaji peke yake.

Kijana anayeanza Jumatatu kuwekea picha alama aulize, kabla ya kutia sahihi, saa moja ni shilingi ngapi, daktari wa nafsi atalipwa na nani, na ofisi ya chama iko wapi. Mchumaji naye aulize maswali yake mapema, mashine ikiwa bado iko juu ya lori.